Titus Adungosi
Titus Adungosi (alifariki Desemba 1988) alikuwa kiongozi wa wanafunzi nchini Kenya, kutoka kabila la Wateso.

Mwaka 1982 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa SONU, chama cha kuwasemea wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mbele ya uongozi wa chuo.

Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga walijaribu kumpindua rais Daniel arap Moi. Wanafunzi wengi waliandamana kuwaunga mkono, na chuo kikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Adungosi alishtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa kifungo cha miaka 10.

SONU ilipigwa marufuku Novemba 1987. Mwaka uliofuata Adungosi alifariki, angali mfungwa.