Harvey Wiley: Mkemia aliyepima sumu katika sahani

MWANZONI mwa karne ya 20, maziwa yaliyouzwa katika miji ya Marekani yaliweza kutiwa fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, ili yasichache. Nyama nayo ilitiwa boraksi. Mlaji hakuambiwa lolote. Aliyesimama kidete dhidi ya desturi hiyo ni Dk. Harvey Washington Wiley.

Alizaliwa Oktoba 18, 1844, katika familia ya wakulima jimboni Indiana. Alisomea udaktari, akafundisha kemia katika Chuo Kikuu cha Purdue, na mwaka 1882 akateuliwa mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo.

Mwaka 1902, kwa fedha zilizoidhinishwa na Bunge, Wiley alikusanya vijana 12 waliojitolea. Walikula bure katika chumba maalumu mjini Washington, lakini chakula chao kiliambatana na kemikali kwa vipimo, kuanzia boraksi. Walipimwa uzito na joto la mwili. Hata mkojo na choo vilichunguzwa. Magazeti yaliwabandika jina la Kikosi cha Sumu. Baadhi yao waliumwa vichwa na matumbo, wakakosa hamu ya kula.

Majaribio hayo yalikuwa na kasoro: dozi zilikuwa kubwa, na hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha. Hata hivyo, yaliamsha umma. Juni 30, 1906, Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya usafi wa vyakula na dawa.

Ushindi huo haukumpa amani. Mwaka 1908 alipoishambulia sakarini mbele ya Roosevelt, alimuudhi Rais, ambaye mwenyewe aliitumia kwa ushauri wa daktari wake. Jopo la wanasayansi liliundwa, nalo likaona benzoati ya sodiamu haina madhara kwa kiasi kidogo, kinyume na msimamo wa Wiley. Alijiuzulu mwaka 1912, akaendelea kuwaelimisha walaji kupitia jarida la Good Housekeeping. Alifariki dunia Juni 30, 1930, siku ile ile sheria yake ilipotimiza miaka 24.

Leo boraksi hairuhusiwi katika vyakula nchini Marekani, ilhali benzoati ingali inatumika, isizidi asilimia 0.1. Wiley hakuwa sahihi katika kila jambo. Lakini hoja yake kuu, kwamba si mlaji anayepaswa kuthibitisha kuwa amedhurika, ilipata nguvu ya sheria mwaka 1958, watengenezaji walipotakiwa kuthibitisha usalama wa kemikali mpya kabla hazijafika mezani.