Gitare ya Mwenda wa Bayeke



Kila mwaka, kabla ya kuwaomba mchango, tunamkumbuka kwanza mtu mmoja aliyetoka kwetu. Mwaka huu tumemchagua Jean-Bosco Mwenda, ambaye wengi walimjua kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Wazee wetu hawahitaji kuelezwa yeye ni nani. Tunawaandikia zaidi vijana, kwa sababu tumegundua kwamba wengi wao wanalijua jina lakini hawajawahi kuisikia gitare yake.

Jina lenyewe ni la heshima. Mwenda M'Siri Ngelengwa, mtu wa ukoo uliotoka Unyamwezi, ndiye aliyeifanya Bunkeya kuwa mji mkuu wa Garenganze. Misafara ya biashara ilifika hapa ikitoka pwani ya mashariki na ya magharibi. Mwami huyo aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa niaba ya mfalme wa Ubelgiji, na mji ukatawanyika. Karibu miaka 40 baadaye, mwaka 1930, alizaliwa katika Bunkeya ile ile mtoto ambaye angelipeleka tena jina la Wayeke mbali, safari hii bila bunduki wala pembe za ndovu.

Kama vijana wengi wa wakati wake, Mwenda aliingia katika miji ya migodi. Jadotville, ambayo leo ni Likasi, ilikuwa imejaa watu wa makabila mengi waliokuja kutafuta kazi. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na gitare ya mbao ndiyo iliyowaburudisha jioni. Humo Mwenda alisikia nyimbo za nyumbani, nyimbo za Zambia, sahani za santuri za Wakuba na muziki wa sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani. Vyote hivyo aliviingiza katika nyuzi sita.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka bara letu akirekodi muziki, alipita Jadotville. Hapo akakutana na Mwenda, kijana wa miaka kama 22, akamrekodi. Mmoja wa nyimbo zilizonaswa siku hizo ni Masanga. Waliousikia mara ya kwanza kwenye santuri walidhani wapigaji ni wawili. Alikuwa mmoja, na alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: dole gumba likitembea kwenye nyuzi nene, na kidole cha shahada kikiimba kwenye nyuzi nyembamba. Kila mzunguko ulipogeuka aliongeza kitu kipya, na njia ya wimbo haikupotea. Masanga ulipewa tuzo ya Osborn kuwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka huo.

Hapa ndipo tunataka vijana wetu wasikilize vizuri. Siku hizi mtu akitaka kuwa mwanamuziki, la kwanza analolalamikia ni vyombo. Anataka gitare ya umeme iliyotengenezwa kwa agizo lake, ampli, na vifaa vya kubadilisha sauti. Hatuvidharau. Lakini gitare iliyompa Mwenda sifa haikuwa na waya wa umeme. Ilikuwa gitare kavu, ya tumbo la mbao. Kilichokuwa chake peke yake ni mkono wake, na jinsi alivyojua kuipangia kila sauti mahali pake. Gitare aliitengeneza upya bila kuigusa kwa msumeno.

Santuri zake zilisafiri kuliko yeye. Kwa kuwa aliimba Kiswahili, zilieleweka Lubumbashi, Kigoma, Nairobi na Mombasa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikaa kwa muda Nairobi, akawa na kipindi chake redioni. Vijana wa Kenya walikaa karibu na redio wakijaribu kumwiga, na kizazi kizima cha wapiga gitare wa huko kinamhesabu kuwa mwalimu. Ndugu yake Edouard Masengo, aliyefika Nairobi pia, alipendwa vivyo hivyo. Mwaka 1961 na 1962, mtaalamu David Rycroft aliandika nota za Mwenda katika jarida la muziki wa Kiafrika, akichambua alichofanya dole gumba na alichofanya kidole cha pili.

Kisha zama zikabadilika. Okestra kubwa za Léopoldville zilikuja na gitare za umeme, tatu au nne kwa pamoja, pamoja na tarumbeta na ngoma. Mtu mmoja na gitare kavu akaanza kuonekana wa kizamani. Mwenda hakukaa akilia. Alifanya kazi ya benki, akafanya kazi Gécamines, akaongoza okestra yake Lubumbashi, akalea familia. Gitare ya mbao hakuiacha. Mwaka 1969 alialikwa kupiga kwenye tamasha la Newport, Marekani, na mwaka 1988 alirekodi tena huko Cape Town.

Mwaka 1979 John Low, kijana Mwingereza, alisafiri hadi kwetu Shaba ili kukaa miguuni pa wazee wa gitare, Mwenda akiwa mmoja wao, kisha akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Baadaye Mmarekani Elijah Wald naye alikuja Lubumbashi kujifunza kwa Mwenda na Masengo. Tunawashukuru, kwa kuwa wamehifadhi kitu. Lakini tukubali ukweli wenye uchungu: wageni walivuka bahari kuja kujifunza kitu ambacho watoto wetu wangekipata kwa kupanda gari kutoka Bunkeya hadi Lubumbashi. Ni wangapi walikwenda?

Mwaka 1990 Mwenda alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia. Alikuwa na miaka 60. Mlango wa nyumba ile ya masomo ukafungwa siku hiyo. Sauti aliyoirekodi Tracey imehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Kitabu kilichapwa Ulaya. Waliobaki nyumbani wanaojua kupiga kwa vidole viwili ni wazee, na kila mwaka tunawazika.

Kwa hiyo mwaka huu, pamoja na michango ya kawaida ya visima na madawati, tunaomba jambo moja zaidi. Tunataka chumba kimoja shuleni, chenye kufuli nzuri, gitare kavu chache, mashine ya kusikilizia, na nakala za nyimbo za Mwenda. Tunataka pia posho ndogo kwa mzee atakayekuja siku ya Jumamosi kuwafundisha watoto. Hatutajenga sanamu. Sanamu haipigi Masanga.

Mwenye gitare ya zamani isiyotumika, ailete hata kama nyuzi zimekatika. Mwenye santuri au kaseti ya baba yake, atuazime tuinakili, tutairudisha. Mwenye fedha, atoe kadiri ya uwezo wake, na jina lake litaandikwa katika hesabu ya mwaka ujao kama kawaida yetu. Na aliyejifunza wimbo hata mmoja kwa Mzee Mwenda au kwa mwanafunzi wake, huyo ndiye tunayemtafuta kuliko wote. Aje angali na nguvu za vidole.

Tuonane kwenye mkutano wa mwaka.