Kitereza na kilugha chetu

Mwaka wa kwanza, jamaa wa chumbani aliniuliza kabila langu. Nikamwambia mimi Mshubi, kwetu Keza, Ngara. Akacheka, akidhani natania. Kuanzia hapo nikawa najiita Muhaya tu, yaishe.

Aliyenitoa kwenye uongo huo ni mzee aliyefariki 1981: Aniceti Kitereza wa Ukerewe.

Alizaliwa 1896. Alisoma misheni ya Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, mkoani kwetu Kagera, akatoka huko na Kilatini na Kijerumani kichwani. Upadre hakuupata. Alirudi kisiwani, akawa katekista, akamwoa Anna Katura. Watoto waliowapata walifariki.

Msomi kama huyo angeweza kuandika kwa lugha ya wakubwa. Yeye akachagua Kikerewe, ili vijana wa kwao wasisahau jinsi wazee wao walivyoishi. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaohangaikia mtoto, aliimaliza 1945. Jamani, ikakaa miaka 35 bila kuchapishwa! Nani angenunua kitabu cha Kikerewe? Uzeeni akaketi, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakaitoa 1980, lakini mzee alifariki kabla hajaishika nakala mkononi.

Kuna watakaosema alishindwa, kwa kuwa mwisho alikimbilia Kiswahili. Mimi sioni hivyo. Asingeiandika kwanza kwa Kikerewe, angetafsiri nini? Hata tafsiri ya Kiingereza, aliyoifanya Gabriel Ruhumbika, imetoka kwenye Kikerewe chenyewe.

Huko Uswisi kuna Kiromanshi, lugha ya watu kama 60,000 wa milimani. Mwaka 1938 wananchi waliipigia kura, ikawa lugha ya taifa. Sisi Washubi hatuna kura ya kungoja. Kitereza naye hakungoja. Alikuwa na karatasi na subira.

Shuleni nilichapwa kwa kuongea kilugha, nikaamini ni kitu cha kuonea haya. Sasa likizo hii narudi Keza na daftari. Bibi yangu ana hadithi ambazo sijaziona kwenye kitabu chochote, na umri wake umekwenda. Nikichelewa, hakuna maktaba nitakayokwenda kuzitafuta.

Na jamaa wa chumbani nimeshamwambia upya: mimi Mshubi. Wewe je, ukiulizwa unajibuje?