Askofu Frank Weston na Suala la Kazi ya Shuruti

Frank Weston alizaliwa London mwaka 1871, akasoma Oxford, na mwaka 1898 akafika Unguja kuitumikia UMCA. Mwaka 1908 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Zanzibar. Dayosisi yake ilienea bara hadi mto Ruvuma, ikiwa na Newala juu ya uwanda wa Wamakonde, na Masasi, makao yaliyoasisiwa na Askofu Steere mwaka 1876 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Kwa Wakristo wa Masasi, basi, tofauti kati ya mtumwa na mfanyakazi ilikuwa habari ya wazazi wao, si hoja ya vitabuni.

Vita vya 1914 viliivuruga tofauti hiyo. Wajerumani waliporudi nyuma kupitia Masasi na Newala, kabla ya kuvuka Ruvuma Novemba 1917, majeshi ya pande zote mbili yaliwatwisha wenyeji mizigo. Weston mwenyewe alikuwa ameongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar mwaka 1916. Waliomsifu hulitaja jambo hili kama ushujaa tu. Lakini hapo aliifahamu kazi ya upagazi akiwa upande wa wanaoamuru. Mwaka 1918 aliushutumu utawala wa Wajerumani katika waraka wa wazi kwa Jenerali Smuts.

Mtihani ulikuja Oktoba 1919. Serikali ya Gavana Northey, nchini Kenya, iliwaagiza maofisa wake wawahimize vijana kwenda kuwafanyia kazi walowezi. Kitenzi hicho, kikitoka kwa mkuu wa wilaya na kupitia kwa mzee wa mtaa, hufika kijijini kikiwa amri. Maaskofu wa Mombasa na Uganda walikuwa tayari kuikubali shuruti iwapo ingewekewa mipaka ya kisheria. Weston aliikataa kabisa. Katika kijitabu chake cha 1920, The Serfs of Great Britain, aliipima serikali ya nchi yake kwa kipimo kilekile alichowapimia Wajerumani: mlezi wa wenyeji hawezi kuwa wakala wa mwajiri.

Mwaka 1921 Churchill, Waziri wa Makoloni, aliwazuia maofisa kuwatafutia watu binafsi vibarua. Sauti ya Weston ilikuwa mojawapo tu kati ya nyingi zilizochangia uamuzi huo, na kazi ya shuruti kwa serikali yenyewe haikufutwa. Alifariki Novemba 1924. Kodi iliendelea kuwateremsha wanaume wa uwandani hadi mashamba ya mkonge ya Lindi. Mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi chini ya Askofu Lucas, na Tanganyika ikapata Idara ya Kazi chini ya Orde-Browne. Idara hiyo ilivunjwa mwaka 1931.