Justus von Liebig: Jamaa aliyeacha shule akatufundisha mmea hula nini

Kila mwaka ikikaribia Machi, simu yako hulia. Ni mathe kutoka ocha. Salamu mbili tatu, kisha swali lenyewe: pesa ya mbolea iko wapi? Unatuma kwa M-Pesa, gunia linanunuliwa, mahindi yanapandwa. Wakati wa kuvuna unaambiwa mahindi yalikuwa ya manjano tena, na magunia ni yale yale ya mwaka jana. Unalaumu mvua. Unalaumu mbegu. Udongo wenyewe hakuna aliyeuuliza.

Basi leo nataka ukutane na Justus von Liebig. Jina lake hutajwa kila panapofundishwa habari za mbolea, lakini kinachonivutia mimi ni kwamba aliwahi kutengeneza mbolea mbaya kabisa, na ilikuwa na jina lake.

Justus alizaliwa Darmstadt, Ujerumani, mwezi wa Mei 1803. Babake alikuwa na duka la rangi na dawa, na karakana ya kuzichanganyia. Huko ndiko kijana alikopenda kushinda. Shuleni mambo hayakwenda. Siku moja mwalimu alimuuliza anataka kuwa nani maishani, naye akajibu kwamba anataka kuwa mwanakemia. Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu akiwemo. Enzi hizo hiyo haikuwa kazi ya mtu kutaja mbele ya watu.

Alipokuwa na miaka 13 aliona njaa kwa macho yake. Volkano ya Tambora, kule Indonesia, ilikuwa imelipuka mwaka 1815, na vumbi lake likaziba jua kiasi kwamba mwaka 1816 kiangazi hakikufika Ulaya. Mazao yaliharibika kwa baridi na mvua, bei ya mkate ikapanda, watu wakalala njaa.

Muda si mrefu akaacha shule, akapelekwa mji wa Heppenheim kujifunza kazi ya kuuza dawa. Hakumaliza hata mwaka. Wengi husimulia kwamba alifukuzwa baada ya kulipua kitu darini. Wengine husema babake alishindwa kulipa ada. Hiyo ya ada naielewa vizuri sana, maana mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili.

Lakini usije ukaitumia hadithi hii kumwambia mzazi kwamba shule ni bure. Jamaa alirudi nyumbani akaanza kusoma vitabu vya kemia kutoka maktaba ya mtawala wa Darmstadt, akavimaliza kimoja baada ya kingine. Kisha akaenda chuo kikuu Bonn, halafu Erlangen, na mwaka 1822 mtawala akamlipia kwenda Paris. Huko alifundishwa jambo moja lililobadilisha maisha yake: usikisie, pima. Mwanasayansi mkubwa Alexander von Humboldt akamwona, akamwombea kazi, na mwaka 1824, akiwa na miaka 21 tu, Liebig akawa profesa kule Giessen.

Maabara yake ilikuwa katika nyumba kuukuu ya walinzi wa kambi ya jeshi. Humo wanafunzi hawakukaa tu kumsikiliza mwalimu. Walishika vyombo, wakapasha moto, wakapima uzani, wakakosea, wakarudia. Mwaka 1831 alibuni chombo chenye vibofu vitano vya kioo kilichorahisisha kupima kaboni, na vijana wakaanza kumiminika Giessen kutoka Uingereza hadi Marekani.

Halafu mwaka 1840 akatoa kitabu kuhusu kemia na kilimo. Wataalamu wengi wakati huo waliamini kwamba mmea hula mboji. Liebig akasema hapana: kaboni mmea huipata hewani, na kutoka udongoni huchukua madini. Ukichoma mmea, majivu yanayobaki yana potasiamu, fosforasi, chokaa na mengineyo. Ukivuna ukapeleka sokoni, umeyabeba madini hayo. Usipoyarudisha, shamba lako ni kama akaunti inayotolewa pesa kila msimu bila mtu kuweka kitu.

Wazo lililompa sifa zaidi ni hili: mavuno huamuliwa na kile kirutubisho kilicho haba kuliko vyote. Fikiria uko jikoni na unga wa chapati kilo tano, mafuta tele, lakini maji kikombe kimoja. Chapo zako zitafuata kile kikombe, hata ukiongeza unga kilo kumi. Kwa haki, Mjerumani mwenzake Carl Sprengel alikuwa amelisema jambo hilo zaidi ya miaka kumi kabla yake. Liebig alikuwa na sauti kubwa zaidi, na hakuwa mwepesi wa kushukuru wenzake.

Sasa sikia alivyoanguka. Mwaka 1845 mbolea yake ilianza kuuzwa Uingereza. Aliogopa kwamba mvua itaosha madini yote yazame ardhini, kwa hivyo akayayeyusha kwa moto pamoja na chokaa ili yasiyeyuke kwenye maji. Si unaona shida? Kitu kisichoyeyuka kwenye maji, mzizi utakinywaje? Wakulima walinunua, wakatandaza, wakangoja. Mazao hayakubadilika. Chakula kilikuwa pale pale udongoni, lakini kimefungiwa.

Kosa lingine lilikuwa kuhusu naitrojeni. Liebig alidai hewa na mvua huleta ya kutosha. Pale Rothamsted, Uingereza, John Lawes na Joseph Gilbert walikuwa wameanza majaribio ya ngano mwaka 1843, na mashamba yao yalionyesha wazi kwamba ngano isiyowekewa naitrojeni hudorora. Majaribio hayo yanaendelea mpaka leo. Liebig alibishana nao miaka na miaka.

Ila kuhusu ile mbolea iliyofungiwa, alikubali. Wenzake walikuwa wameonyesha kwamba udongo wenyewe huyashika madini mengi yasioshwe na mvua. Mwaka 1862, akiwa tayari mtu mashuhuri aliyepewa cheo cha ubwanyenye, aliandika wazi kitabuni kwamba alikosea. Ni wangapi wangefanya hivyo? Alifariki Munich tarehe 18 Aprili 1873. Chuo kikuu cha Giessen sasa kinaitwa kwa jina lake.

Kosa lake bado tunalirudia hapa kwetu, kila Machi. Mbolea ya DAP ikitumiwa msimu baada ya msimu huongeza asidi udongoni. Asidi ikizidi, udongo huikamata ile fosforasi uliyoilipia, na mzizi hauipati. Majani ya mahindi machanga yanageuka zambarau huku gunia zima limo shambani. Hapo ukiongeza gunia la pili umeongeza unga tu. Huenda kilichopungua ni chokaa ya kilimo, na jicho pekee haliwezi kukuambia.

Vipimo vinaweza. Maabara za KALRO hupima udongo, na zipo pia za watu binafsi. Mwambie mathe, au binamu aliye nyumbani, afanye hivi baada ya kuvuna, asingoje mvua. Atembee shambani kwa kukata kona, achimbe mahali 10 hadi 15, kina cha sentimita 20 hivi. Asichote palipolala ng'ombe, wala chini ya mti. Achanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, achukue nusu kilo, aianike kivulini, aifunge na kuandika jina la shamba.

Majibu yatataja kiasi cha asidi, nini kimepungua, na kiasi cha kuweka. Pesa ya mbolea bado utatuma, najua. Lakini safari hii utakuwa unajua unanunua nini.