Kutoka Teja Hadi Mtakatifu: Stori ya John Coltrane, Msee Aliyeomba kwa Saksofoni

Huko San Francisco, Marekani, kuna kanisa ambalo mtakatifu wake hakuwa padri, hakuwa mtawa, na wala hakuuawa kwa sababu ya imani. Alikuwa msee wa jazi. Na kama hiyo haijakushtua, shika hii: kabla wamuite mtakatifu, waumini hao walikuwa wanamuita Mungu. Ikabidi ashushwe cheo.

Jina lake ni John Coltrane. Kama hujawahi kumskiza hakuna noma, jazi si kitu utapigiwa kwa matatu. Lakini hata kama wewe ni wa gengetone tu, maisha ya huyu jamaa yatakugusa.

Alizaliwa Septemba 23, 1926, mji wa Hamlet, North Carolina, akalelewa High Point kwenye jimbo hilo hilo. Enzi hizo Mmarekani mweusi wa Kusini alikuwa na shule yake, mlango wake na kiti chake cha nyuma. Guka yake upande wa mamake, William Blair, alikuwa mchungaji wa kanisa la AME Zion, kwa hivyo John alikua akiskia mahubiri kila siku. Babake alikuwa fundi wa nguo, na alipenda kupiga mziki akiwa nyumbani.

Halafu mambo yakaharibika. John akiwa na miaka 12, kifo kilipiga hodi kwao mara kadhaa ndani ya miezi michache. Babake akaenda, guka akaenda. Mathe akalazimika kutafuta kazi za nyumba miji ya mbali ndio watu wale. Kijana akabaki na ala yake, na tangu hapo hakuiachilia.

1943 akahamia Philadelphia. Baadaye akapitia jeshi la wanamaji, akapiga kwenye bendi yao huko Hawaii, na 1949 akaingia bendi ya Dizzy Gillespie. Career ilikuwa inapanda, lakini kando yake kulikuwa na pombe na heroini. Wakati Miles Davis alimchukua 1955, Coltrane alikuwa teja kamili. Msee anapanda jukwaani anasinzia. Miles, ambaye mwenyewe alikuwa ametoka kwa hiyo shimo, alivumilia akachoka. 1957 akamfuta.

Hapo ndipo stori inageuka. Coltrane alirudi nyumba ya mamake Philadelphia, akaingia chumbani na kuamua kuacha unga bila dawa yoyote ya kumsaidia. Watu wa Pwani wanajua hiyo kitu inaitwaje: arosto. Mwili unauma, unatetemeka, unatapika, na kila mfupa unaitisha. Mamake na mkewe Naima, ambaye alikuwa Mwislamu, ndio walikuwa karibu naye. Alipotoka hapo alikuwa mtu mwingine. Miaka baadaye aliandika kwamba mwaka huo wa 1957 Mungu alimuamsha kiroho, na kwamba aliomba kitu kimoja tu, apewe uwezo wa kufurahisha watu kupitia mziki. Hakuomba doo, hakuomba jina.

Jina lilikuja hata hivyo. Mwaka huo huo alipiga na Thelonious Monk kwenye klabu ya Five Spot, New York, kisha Miles akamrudisha, na 1959 wakarekodi Kind of Blue. Hiyo sehemu imeandikwa sana, wacha niiruke.

Kile kinanibamba zaidi ni vile hakuridhika. Alikuwa anafanya mazoezi hadi usingizi unampata na saksofoni bado iko mkononi. Kwenye vitabu ilikuwa vivyo hivyo: Biblia, Kurani, maandiko ya Wahindi, yote alisoma. Mtoto wake mmoja alimuita Ravi kwa heshima ya mwanamziki wa India, Ravi Shankar. Afrika pia ilikuwa kichwani. 1958, miaka 3 kabla Tanganyika ipate uhuru, alipiga kwenye rekodi za Wilbur Harden zilizotoka kwa jina Tanganyika Strut.

Septemba 15, 1963, bomu la wabaguzi wa rangi liliua wasichana 4 kanisani mjini Birmingham. Novemba, Coltrane akarekodi Alabama. Hakuna neno hata moja kwa hiyo ngoma, lakini iskize usiku ukiwa peke yako uniambie kama hujasikia mtu analia.

Mwaka uliofuata alikuwa ameshahamia Dix Hills, nje ya New York, na Alice, mama wa watoto wake wa kiume. Alijifungia orofani siku kadhaa. Alice alisimulia baadaye kwamba alishuka kama Musa akitoka mlimani, ametulia, mziki wote uko tayari. Desemba 9, 1964, yeye na McCoy Tyner, Jimmy Garrison na Elvin Jones wakaingia studio na kurekodi A Love Supreme. Sehemu ya mwisho ndio balaa: Coltrane alikuwa ameandika shairi la kumshukuru Mungu, na badala ya kulisoma, alilipuliza. Silabi kwa silabi. Ukishika karatasi yenye hilo shairi unaweza kumfuata neno kwa neno kwa saksofoni. Hiyo si mziki kuhusu maombi. Hapo jamaa alikuwa anaomba live.

Baada ya hapo mziki wake ulizidi kuwa mkali, na fans wengi wakamkimbia. Tyner na Jones nao wakatoka. Yeye akasonga. Alieleza kwamba hii kazi haina mwisho, ni kama kupangusa kioo, unapangusa tena na tena ndio ujione vile uko. Naona hapo ndio alikuwa tofauti na mastaa wengi: jukwaa halikuwa la kuonyesha watu yeye ni nani, lilikuwa la yeye mwenyewe kujua.

Akiwa Japan 1966, aliulizwa angependa kuwa nani baada ya miaka 10. Akajibu kwamba angependa kuwa mtakatifu, na akacheka. Hiyo miaka 10 hakuipata. Julai 17, 1967, saratani ya ini ilimuua. Alikuwa na miaka 40 tu.

Sasa turudi kwa lile kanisa. Franzo King na mkewe Marina walimuona Coltrane live San Francisco 1965, wakatoka wakisema wamebatizwa kwa sauti. Baada ya kifo chake wakaanzisha ibada, na kufika miaka ya 70 Coltrane alikuwa anaabudiwa kama Mungu mwenyewe. Alice hakufurahia. 1981 akawapeleka kortini kwa kutumia jina la mumewe. Mwaka uliofuata kanisa likajiunga na African Orthodox Church, ambayo iliweka sharti: huyu ni binadamu, muiteni mtakatifu mkitaka, lakini Mungu hapana. Wakakubali.

Na hiyo African Orthodox si ngeni kwetu. Ilianzishwa Marekani 1921 na George Alexander McGuire, msee wa Marcus Garvey. Miaka ya 30, askofu wake kutoka Afrika Kusini, Daniel William Alexander, alikuja Kenya kufundisha na kuwapa upadri Wakikuyu waliokuwa wamejitenga na makanisa ya wamisheni. Waorthodoksi wa Kenya wametoka kwa huo mzizi, ingawa baadaye waligeukia Alexandria.

Kwa picha takatifu ya kanisa la San Francisco, Coltrane ameshika saksofoni, na ndani ya saksofoni moto unawaka. Ibada yao inajengwa juu ya A Love Supreme, na wanaoongoza wanakuja na ala zao.