Robert Brown: Jamaa aliyekipa jina kiini kilicho kwenye jani lako la chai

Ukiabiri matatu kutoka Kericho, upite Litein na Sotik hadi Bomet, utachoka kutazama kijani. Kila jani unaloliona limejengwa kwa mamilioni ya seli, na karibu kila seli ina kiini chake. Ulikariri jina hilo shuleni, si ndiyo? Basi mjue aliyelitoa.

Robert Brown alizaliwa Montrose, Scotland, tarehe 21 Disemba 1773, mtoto wa kasisi. Akaenda Edinburgh kusomea udaktari, akatoka bila digrii. Wazazi wengi wa kwetu wangelia! Akaingia jeshini kama msaidizi wa daktari, akapelekwa Ireland, na huko akawa anatumia muda wake mwingi kuokota mimea.

Mimea hiyo ndiyo iliyomwokoa. Tajiri mmoja mpenda sayansi, Joseph Banks, alimtafutia nafasi katika meli ya Investigator, na mwaka wa 1801 wakang'oa nanga kuelekea Australia. Brown alirudi Uingereza mwaka wa 1805 na maelfu ya mimea. Lakini kabla hajarudi, meli ya Porpoise ilikuwa imepanda mwamba na kuvunjika mwaka wa 1803, ikiwa na sehemu ya vitu alivyokuwa ametanguliza. Halafu kitabu chake cha 1810 kuhusu mimea hiyo kikauza nakala zisizofika hata 30. Akakiondoa sokoni mwenyewe. Leo wataalamu wa mimea wanakihesabu miongoni mwa vitabu vikubwa vya fani yao.

Sasa twende mwaka wa 1827. Brown alikuwa akitazama chavua ndani ya maji kwa hadubini. Akaona chembechembe zilizotoka ndani yake zikitikisika, hazitulii hata kidogo. Ungekuwa wewe ungesema nini? Kwamba zina uhai, bila shaka. Naye alidhani hivyo. Ila hakukimbilia kutangaza. Alijaribu chavua ya mimea iliyokufa kitambo: zikacheza. Akasaga kioo: zikacheza. Akasaga hata kipande cha jiwe la Sphinx ya Misri: zikacheza vilevile! Wazo la uhai akaliacha, japo lilikuwa tamu. Kwangu mimi, hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Sababu yenyewe ilieleweka baadaye sana: mwaka wa 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba ni molekuli za maji zinazozigonga chembe hizo kutoka kila upande.

Unaweza kuliona jambo hili mwenyewe. Changanya tone la maziwa na maji mengi, weka chini ya hadubini ya shule, ukuze mara 400. Vidonge vya mafuta vitakuchezea mbele ya macho.

Mwaka wa 1831, akichunguza okidi, Brown aliona kidoa cha mviringo katika seli moja baada ya nyingine. Wengine walikuwa wamekiona kabla yake wakakipita tu. Yeye alikipa jina la Kilatini, nucleus, ambalo sisi tunaliita kiini, kama kile cha yai.

Asichojua ni kwamba mtikisiko ule na kidoa kile vina uhusiano. Chukua chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka wa 2011. Rangi yake haiji mpaka jeni fulani ndani ya kiini ziwashwe. Protini za kuziwasha hutengenezwa nje, kwenye saitoplazimu, yaani ule ute unaokizunguka kiini. Lazima ziingie. Ukuta wa kiini una vitundu vingi. Protini ndogo hujipenyeza zenyewe, lakini kubwa huhitaji alama mwilini mwake, mfano wa tikiti, ili protini nyingine inayoitwa importini iishike na kuipitisha. Alama ikiharibika, protini itabaki nje hata kama sehemu yake nyingine ni nzima, na jeni zitakaa kimya. Nguvu ya seli ndiyo inayoamua mzigo ushukie upande gani, lakini hatua zenyewe, za kugongwagongwa hadi kufika mlangoni na kupenya, ni ule mtikisiko wa Brown.

Brown alikuwa msiri pia. Charles Darwin, akiwa kijana, alimtembelea akaruhusiwa kuchungulia hadubini. Darwin alikuja kuamini kwamba alichokiona ni mikondo ya ute ndani ya seli ya mmea. Alipouliza ni nini, mzee akakataa kumwambia.

Brown alifariki London tarehe 10 Juni 1858, miaka zaidi ya 60 kabla ya mashamba makubwa ya chai kupandwa Kericho. Chama cha Linnean, alichowahi kukiongoza, kikaahirisha mkutano wake kwa sababu ya msiba. Ulipofanyika Julai 1, ndipo makala ya Darwin na Wallace kuhusu mageuzi ya viumbe yaliposomwa kwa mara ya kwanza.